Mkojo umekuwa rangi ya mkandaa na pampu ya moyo inazunguka: kosa liko wapi?

#1 DaktariWaMwera
Assalaam aleikum wana jukwaa. Hii ni kesi ya kujifunzia, nimeitunga kwa ajili ya uzi huu.

Mwanamume, miaka 61, kilo 70. Shambulio kubwa la moyo, ukuta wa mbele. Mshipa umezibuliwa na stenti imekaa, lakini presha imegoma kupanda na laktati iko juu, dalili kuwa mwili haupati damu ya kutosha. Kawekewa Impella CP, ile pampu ndogo inayopitishwa ndani ya ateri, kwa paja la kulia. Saa ya 30 mkojo umegeuka rangi ya chai ya mkandaa.

Kasi ni ngazi ya P-8 (zinaanzia P-0 hadi P-9), mtiririko lita 2.9 kwa dakika. Wimbi la shinikizo na wimbi la umeme wa mota yote yanapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonesha mdomo wa kuvutia uko sentimita 4.2 chini ya vali ya aota. Shinikizo la vena kuu ni 5. Maji ya kusafishia mota, dekstrosi (maji ya sukari) asilimia 5 yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) yuniti 25 kwa kila mililita, yalikuwa yakipita mililita 11 kwa saa kwa shinikizo la 510. Sasa ni mililita 7 kwa saa na shinikizo 680. Himoglobini huru kwenye plasma, yaani ile iliyomwagika kutoka chembe nyekundu zilizovunjika, ni miligramu 62 kwa desilita.

Mimi nasema ni kasi. P-8 ni mizunguko 44,000 kwa dakika, chembe nyekundu haziwezi kustahamili. Nani ana jengine?

#2 NesiZamuYaUsiku
Waaleikum salaam daktari. Mimi nasema mkao. Mdomo wa CP unatakiwa uwe sentimita 3.5 chini ya vali. Wako umezama 4.2. Ukizama hivyo unaweza kukaa karibu na kamba za vali ya mitrali au misuli inayozishika, na damu inaingia kwa kujipenyeza. Hapo ndipo chembe zinapochanika.

Halafu usitegemee mawimbi mazuri. Wimbi la mota linakuwa bapa pale mdomo wa kuvutia na wa kutolea vyote viwili vinapokuwa chumba kimoja. Ikiwa mdomo mmoja uko ventrikali na mwengine aota, mawimbi yatapendeza hata kama kimkia cha ncha ya pampu kimejikunja ndani ya kamba za mitrali. Wimbi linakwambia pampu imevuka vali, halikwambii inagusa nini.

#3 MaabaraMkoani
Kabla hamjafika mbali: kwanza hakikisheni hicho kilichotia rangi mkojo ni nini. Kijiti cha mkojo kitasoma "damu" kwa vitu vitatu tofauti.

Chukua mkojo, uzungushe kwenye mashine, tazama mashapo kwa hadubini. Ukiona chembe nyekundu nzima, hiyo ni damu ya njia ya mkojo, mara nyingi mrija wa kibofu umekwaruza na mgonjwa yuko kwenye heparini. Usipoziona, zungusha damu yenyewe kwenye kijirija chembamba cha kupimia wingi wa damu. Plasma ikiwa pinki, ni himoglobini. Plasma ikiwa ya manjano safi na mkojo ni wa kahawia, fikiria mayoglobini, yaani msuli unakufa mahali. Na mahali penyewe ni mguu ule uliotiwa mrija.

Tahadhari: damu ichotwe taratibu kwenye mshipa mzuri. Ukivuta kwa nguvu kwa sindano nyembamba, umezivunja chembe mwenyewe ndani ya bomba na pampu inasingiziwa.

#4 DaktariWaMwera
Ahsante Maabara. Weka kwamba plasma ni pinki hafifu, mashapo hayana chembe nzima. CK, kimeng'enya kinachomwagika msuli ukiumia, ni 6,100.

#5 FundiPampu_Chake
Wakuu, mimi ni wa pampu za visima, si wa moyo, lakini hizi namba nazifahamu lugha yake. Mtiririko lita 2.9 kwa kasi ile ni mdogo, shinikizo la vena 5. Hicho ni kisima kilichopungua maji. Pampu ya kuzamisha ukiiacha ivute zaidi ya kisima kinavyojaa, inaanza kufyonza ukuta, inatetemeka, na maji yanatoka na mchanga. Jibu si kushusha pampu wala kuipandisha. Subiri kisima kijae au punguza kuvuta.

Na mkitaka kujua pampu ina nini msiangalie maji tu, angalieni ampea. Ampea zikipanda na maji ni yale yale, kitu kinakaza mhimili.

#6 NesiZamuYaUsiku
Wapemba mmetuzidi kwa visima, nakubali 😄 Ulivyosema ndivyo ilivyo kwenye hii pampu. King'ora cha kufyonza kikilia: shusha ngazi moja au mbili za P, angalia mkao, angalia ujazo wa damu, kisha angalia upande wa kulia wa moyo. Shinikizo la vena likiwa chini, mgonjwa ana kiu. Likiwa juu, 16 au 18, na pampu bado inafyonza, basi ventrikali ya kulia imechoka na haipeleki damu kushoto. Ukimuongeza maji hapo unamzamisha.

#7 Kizimkazi_Fizikia
Kuhusu kasi. Tupige hesabu badala ya kuogopa tarakimu. Ngazi za CP zimepangwa hivi: P-2 ni 31,000, P-6 ni 39,000, P-7 ni 42,000, P-8 ni 44,000 na P-9 ni 46,000. Ukitoka P-8 kwenda P-6 umepunguza mizunguko 5,000, yaani asilimia 11 tu. Ingekuwa kasi peke yake ndiyo mkosa, kila mwenye P-8 angekojoa mkandaa, na sivyo.

Ncha ya impela, ile parafujo ndogo inayozunguka kusukuma damu, yenye kipenyo cha milimita 4 hivi, kwa mizunguko 44,000, inakwenda kama mita 9 kwa sekunde. Damu inapita kwenye mrija huo kama mita 4 kwa sekunde. Kwa hiyo chembe inakaa karibu na impela milisekunde chache tu. Chembe nyekundu huvumilia mkwaruzo mkali ikiwa ni wa muda mfupi. Inachoshindwa ni kukwama: mahali damu inapozunguka pale pale bila kutoka, au nafasi iliyobanwa na bonge.

#8 Bwejuu_Mwanafunzi
Samahani wakubwa, nimeona hiyo pampu imeandikwa 14 Fr, ina maana milimita 14? Inapitaje pajani?

#9 NesiZamuYaUsiku
Hapana mdogo wangu. Frenchi 3 ni milimita 1. Kwa hiyo 14 Fr ni milimita 4.7. Ile 2.5 ya zamani mota yake ni 12 Fr, milimita 4. Ile kubwa ya 5.5 ni 21 Fr, milimita 7, ndiyo maana haipiti pajani kwa kutoboa; daktari wa upasuaji anashona kipande cha mshipa bandia kwenye ateri ya kwapa na kuipitisha humo.

#10 DaktariWaMwera
@Kizimkazi_Fizikia nimekuelewa lakini sijakubali yote. Wale wanaoshusha kutoka P-8 hadi P-6 wanaona himoglobini huru inashuka. Kama kasi si kitu, kwa nini inashuka?

#11 Kizimkazi_Fizikia
Kwa sababu ukishusha kasi umepunguza na kufyonza. Vitu viwili vimebadilika kwa mkono mmoja. Hapo hujathibitisha lolote.

#12 MaalimWaMashine
Mnaruka namba iliyo muhimu kuliko zote: maji ya kusafishia. Shinikizo limepanda 510 hadi 680, mtiririko umeshuka 11 hadi 7. Mipaka ya mashine ni 300 hadi 1,100 kwa shinikizo na mililita 2 hadi 30 kwa saa kwa mtiririko, kwa hiyo king'ora hakitalia. Lakini mwelekeo unasema njia inaziba.

Kwa wasiojua: mota imo ndani ya mwili wa mtu, nyuma ya impela. Damu ikiingia kwenye nafasi ya mhimili inaganda na mota inasimama. Kwa hiyo dekstrosi inasukumwa kutoka nje kwenda mbele, dhidi ya damu, mchana na usiku. Ni dekstrosi kwa sababu ni nzito kuliko maji. Ile ya asilimia 20 ni nzito zaidi, inapita polepole na shinikizo linakuwa juu. Maji ya chumvi hayatiwi humo kabisa, maelekezo yanakataza.

Shinikizo likipanda huku mtiririko ukishuka, kagua kwanza mrija umekunjwa wapi: chini ya godoro, kwenye goti, kwenye reli ya kitanda. Ukiwa hauna kunjo, bonge linajijenga kwenye mhimili. Bonge hilo hilo ndilo linalobana njia ya damu na kuvunja chembe. Shinikizo likishuka ni kinyume chake: kiungio kimelegea au kimepasuka.

Kwa hiyo jibu langu ni bonge. Fundi wa Chake kasema kweli kuhusu ampea: atuambie daktari umeme wa mota umepanda?

#13 DaktariWaMwera
Umepanda kidogo tangu saa ya 20, kasi ikiwa ile ile.

#14 MaalimWaMashine
Basi.

#15 NesiZamuYaUsiku
Maalim usifunge kesi. Mtu akibadilisha mfuko wa asilimia 5 akatundika wa asilimia 20, shinikizo litapanda na mtiririko utashuka bila bonge lolote. Swali la kwanza la zamu ni: nani katundika mfuko wa mwisho na umeandikwa nini?

#16 DaktariWaMwera
Mfuko ni ule ule, asilimia 5.

#17 DawaNaVipimo
Naongeza la heparini. Mililita 11 kwa saa kwa yuniti 25 ni yuniti 275 kwa saa zinazoingia kwa njia ya pampu. Zikishuka hadi 7 ni yuniti 175. Mgonjwa kapoteza yuniti 100 kwa saa bila mtu kugusa kitu. Asiyejumlisha heparini ya pampu na ile ya mshipani atashangaa kwa nini damu inaganda leo na jana ilikuwa inavuja.

Na mkipima nguvu ya heparini kwa njia ya anti-Xa, kumbukeni himoglobini huru inaharibu kipimo, kinasoma chini kuliko ukweli. Ukiongeza heparini kwa kufuata namba hiyo unamtoa mtu damu. Linganisheni na aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda.

Kama heparini haifai kwa mgonjwa kuna njia ya bikabonati: milikwivalenti 25 kwa lita moja ya dekstrosi asilimia 5, bila heparini kwenye mfuko.

#18 MkunaziPwani
Pampu zenyewe zina faida gani? Utafiti umeshasema hakuna tofauti na baluni, ile inayowekwa ndani ya aota kusaidia moyo. Tunaumiza figo za watu bure.

#19 DaktariWaMwera
@MkunaziPwani ule unaousema ni IMPRESS, ulikuwa na wagonjwa 48 tu, na wengi wao moyo ulikuwa umeshasimama kabla ya kuletwa. Tazama DanGer Shock ya 2024, Denmark, Ujerumani na Uingereza. Baada ya siku 180 waliofariki walikuwa asilimia 45.8 kwa wenye pampu na 58.5 kwa wasiokuwa nayo. Waliokuwa hawana fahamu baada ya moyo kusimama nje ya hospitali hawakuingizwa. Uchaguzi wa mgonjwa ndio uliobadilisha jibu.

#20 MkunaziPwani
Nashukuru kwa sahihisho. Lakini utafiti huo huo unasema waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine ya figo ni asilimia 41.9 kwa pampu dhidi ya 26.7. Na madhara makubwa kwa ujumla 24.0 dhidi ya 6.2. Hilo nalo tulisome.

#21 Kizimkazi_Fizikia
Hapo pana maelezo mawili na yote yana uzito. La kwanza ni himoglobini huru: ikishazidi kile kinachobebwa na haptoglobini (protini ya damu inayoikusanya), inapita kwenye figo, inaziba vijirija, na inakamata nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, hivyo mishipa inajibana. La pili: aliyekufa siku ya kwanza hafiki kwenye mashine ya figo. Pampu ikimfikisha siku ya nne, figo zake zilizopigwa na mshtuko zinapata muda wa kuonekana zimefeli. Namba peke yake haikwambii ni lipi.

#22 Bwejuu_Mwanafunzi
Nimesoma mahali kuwa pampu hii imegunduliwa Marekani kwa kuiga parafujo ya maji ya Misri. Kweli?

#23 MaalimWaMashine
Umechanganya pampu mbili. Aliyeona parafujo ya kunyanyulia maji kijijini Misri, mwaka 1976, ni Richard Wampler. Yake iliitwa Hemopump, ikatumika kwa mtu mara ya kwanza 1988, Houston. Ilikuwa 21 Fr, mizunguko 25,000, na mota ilikuwa nje ya mwili: waya laini unaozunguka ndio ulioingia hadi moyoni. Waya ulikuwa unakatika. Hii ya leo ilitoka Aachen, Ujerumani, kwa Thorsten Siess na wenzake, na jambo lao kubwa ni kuitia mota yenyewe ndani ya ateri. Kampuni ya Marekani ikainunua 2005.

#24 FundiPampu_Chake
Hata sisi tulihama hivyo hivyo. Zamani mhimili mrefu kutoka juu hadi chini ya kisima, sasa mota inazama na pampu. Mhimili mrefu ni mtihani, hauishi kupinda.

Ila mota ikiwa chini, ukitaka kuitengeneza lazima uitoe yote. Nyie mnaitoaje?

#25 NesiZamuYaUsiku
Haitengenezwi ndugu yangu, inatolewa na kutupwa. Inashushwa ngazi mbili mbili, mgonjwa anaangaliwa kila hatua, hadi P-2. Kwa P-2 inavutwa hadi iingie aota, *ndipo* inawekwa P-0, kisha inatoka.

#26 Bwejuu_Mwanafunzi
Sasa huyu wa kesi si mngeiweka P-0 nusu saa ipumzike, muone mkojo utasafika?

#27 NesiZamuYaUsiku
Usithubutu! Pampu ikisimama huku imevuka vali, inakuwa bomba lililo wazi: damu ya aota inarudi ventrikali kila moyo unapopumzika. Umemtengenezea vali inayovuja. P-0 ni mpaka iwe nje ya vali.

#28 MtuWaUmeme_Fumba
Naingilia kidogo. Kontrola yake ikiwa imejaa chaji inabeba kama dakika 60. Kisiwani hapa Unguja tunaijua historia: 2008 karibu mwezi mzima bila umeme wa waya wa bara, na Disemba 2009 hadi Machi 2010 tena. Wodi yoyote itakayofikiria vifaa hivi ianze na jenereta na UPS. Dakika 60 zinatosha kwa lifti na gari la wagonjwa. Kwa boti ya kwenda Dar hazitoshi.

#29 NesiZamuYaUsiku
Kweli kabisa. Na kwa boti tatizo si chaji tu. Kabla ya safari soma namba ya sentimita iliyoandikwa kwenye mrija pale unapoingia pajani, iandike kwenye karatasi na kwenye plasta. Kaza kifungo cha kushikia mrija. Goti lisikunjwe, kichwa kisipande zaidi ya nyuzi 30. Mkondo ukichafuka mrija unajisogeza, na sentimita moja inatosha kukuharibia kila kitu. Ukifika, eko kabla ya chai.

#30 DaktariWaMwera
Turudi. Naendeleza kesi. Timu imempa maji mililita 250, imeshusha hadi P-7, imevuta mrija sentimita 0.7 chini ya eko, sasa uko 3.5 sawasawa. Saa ya 36: himoglobini huru 48. Mtiririko lita 3.2. Shinikizo la vena 8. Maji ya kusafishia: shinikizo 760, mililita 5 kwa saa.

#31 FundiPampu_Chake
Kisima kimejaa, maji yanayotoka yameongezeka ingawa pampu inazunguka polepole kuliko mwanzo. Nilisema.

#32 NesiZamuYaUsiku
Au mdomo umetoka kwenye kamba za mitrali. Mmefanya mambo matatu kwa mpigo, ushindi si wa mmoja.

#33 MaalimWaMashine
Na mimi nasoma 760 na 5. Hiyo haikupona kwa maji wala kwa kuvuta. Himoglobini imeshuka kwa sababu kasi imeshuka, lakini mhimili unaendelea kuziba. Andaeni pampu nyengine na muulizane leo, si usiku wa manane: ikisimama, tunaivuta mara moja au tunampeleka kwenye ECMO, mashine inayozungusha damu na kuitia oksijeni nje ya mwili?

#34 DaktariWaMwera
Maalim, 48 bado iko juu ya 40, mpaka wa kusema chembe zinavunjika. Kwa hiyo hata aliyeshinda hajamaliza.

#35 MaabaraMkoani
Hakuna aliyeniuliza rangi ya plasma safari hii. Na CK?

#36 DaktariWaMwera
Plasma karibu ya manjano. Mkojo bado wa kahawia. CK 7,900.

#37 MaabaraMkoani
Hapo sasa. CK ya moyo hufika kileleni ndani ya siku ya kwanza hivi, hasa mshipa ukishazibuliwa, kisha inateremka. Hii imetoka 6,100 saa ya 30 hadi 7,900 saa ya 36. Plasma inasafika na mkojo hausafiki. Kuna msuli mwengine unaotoa hiyo. Mguu wa kulia umeguswa na nani?

#38 NesiZamuYaUsiku
Swali zuri, na lilitakiwa liwe langu. Daktari, kwenye kesi yako ile ala (bomba la kupitishia pampu kwenye ateri) kubwa ya 14 Fr iliyowekewa pampu imebanduliwa ikaachwa ile nyembamba, au bado imekaa pajani tangu mwanzo? Na mapigo ya mguuni kwa Dopla (kifaa cha kusikilizia damu ikipita) kila saa yameandikwa?

#39 DaktariWaMwera
Ala kubwa bado ipo. Dopla ilisikika hadi saa ya 28. Baada ya hapo fomu iko tupu.

#40 MaalimWaMashine
Ala ikae saa 36? Hata hivyo haielezi 760.

#41 MaabaraMkoani
Haielezi 760, na bonge lako halielezi 7,900. Nitumieni mayoglobini ya mkojo na potasiamu kabla mtu hajaongeza kasi.